Barua Zenye Muhuri wa Ahabu: Tuisome Ibara ya 4 Tukiwa Tarime na Serengeti

Washarika wetu wa Tarime na Serengeti wakisikia neno Katiba likitamkwa mimbarini, wapo wanaoinamisha vichwa na kunong'onezana kwamba mchungaji sasa ameingia kwenye siasa. Hatutabishana nao. Tutaanza na kitabu tunachokikubali sote, yaani 1 Wafalme 21, habari ya Nabothi wa Yezreeli, ndipo tufungue Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Aliyeielewa vizuri habari ya Nabothi ameshaelewa nusu ya somo la mgawanyo wa madaraka, na pengine ndiyo nusu iliyo ngumu zaidi.

Kwa kawaida sura hii tunaihubiri kama habari ya mfalme mwenye tamaa na mke mwovu. Tunawakemea Ahabu na Yezebeli, watu wanaitikia Amina, ibada inakwisha. Lakini tuisome tena polepole. Ahabu analitaka shamba la mizabibu lililo jirani na nyumba yake. Anatoa bei nzuri: shamba jingine lililo bora kuliko hilo, au fedha. Nabothi anakataa, kwa kuwa ni urithi wa baba zake. Mfalme anarudi nyumbani, anajilaza kitandani, anageuza uso, hataki kula. Tulipite jambo hili kwa makini: mfalme wa Israeli hakuthubutu kulichukua shamba la mtu kwa nguvu. Palikuwa na sheria juu yake, naye aliijua.

Yezebeli naye hakuipinga sheria hiyo waziwazi. Aliitumia. Aliandika barua kwa jina la Ahabu, akazitia muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee na watu wakubwa wa mji. Baraza likakaa. Mashahidi wakapatikana wawili, kama torati inavyotaka. Mashtaka yakatamkwa mbele ya watu. Hata mfungo ukatangazwa, maana yake dini nayo ilipewa kazi siku hiyo. Ukiangalia umbo la nje tu, Yezreeli haikupungukiwa kitu. Mtawala alikuwa kwake, waamuzi walikuwa vitini, sheria ilifuatwa hatua kwa hatua. Kilichokosekana ni mzee mmoja wa kuirudisha barua. Maandiko hayatuambii kama wazee wale waliogopa au walitegemea fadhila. Yanatuambia tu kwamba walifanya kama walivyoandikiwa.

Swali hilo ndilo tunalolipeleka kwenye Katiba yetu. Hatuulizi kama ina mihimili mitatu, kwa maana inayo. Tunauliza: barua yenye muhuri ikifika, ni nani awezaye kuirudisha bila kupoteza kiti chake?

Ibara ya 4 ndiyo inayogawa kazi. Inasema shughuli za mamlaka ya nchi zitakuwa mikononi mwa vyombo vya utendaji, vyombo vya utoaji haki, na vyombo vya kutunga sheria. Na kwa kuwa sisi ni Muungano, kila kazi imetajiwa vyombo viwili, cha Muungano na cha Zanzibar. Ni ibara iliyoandikwa vizuri. Tunalipenda hasa neno moja lililomo, kudhibitiwa. Waandishi hawakuishia kusema kwamba mamlaka yatatekelezwa. Waliona pia kwamba lazima yadhibitiwe. Mtu wa Serengeti anaelewa jambo hili bila darasa. Ng'ombe wakiingia hifadhini, askari wa hifadhi ndiye anayekamata, mwendesha mashtaka ndiye anayeshtaki, hakimu ndiye anayeamua, na sheria inayotumika ilitungwa na Bunge ambalo halikuwapo porini siku ile. Hebu tufikirie hali ambayo askari aliyekamata angekaa mwenyewe kwenye kiti cha hakimu, aamue papo hapo hao ng'ombe ni mali ya nani. Hakuna mfugaji wa Mugumu anayehitaji kuelezwa hatari yake.

Tatizo letu linaanza tukiendelea kusoma. Ibara ya 62 inasema Bunge lina sehemu mbili, na sehemu ya kwanza inayotajwa ni Rais. Mawaziri wanatoka miongoni mwa wabunge, kwa Ibara ya 55, hivyo mtu yuleyule asubuhi anaisimamia wizara na mchana anakaa kwenye chombo kinachopaswa kumwuliza kuhusu wizara hiyo. Rais anateua pia wabunge hadi kumi, kwa Ibara ya 66. Jaji Mkuu anateuliwa na Rais. Majaji wa Mahakama Kuu wanateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Na Ibara ya 37 inamweka Rais huru: halazimiki kuufuata ushauri wa mtu yeyote, ila pale Katiba au sheria inapomtaka afanye hivyo. Ukizisoma ibara hizi moja moja utaona kila moja ina sababu yake. Ukizisoma pamoja utaona kwamba Ibara ya 4 imejenga vyumba vitatu, na ibara zinazofuata zimempa mtu mmoja funguo nyingi mno.

Wala huu si uzushi wa wapinzani. Mwalimu Nyerere, jirani yetu wa Butiama, aliwahi kusema hadharani kwamba mamlaka aliyopewa na katiba yalitosha kumfanya dikteta. Wengi huyataja maneno hayo kwa kuusifu unyenyekevu wake. Sisi tunayasoma kama ukosoaji wa andiko lenyewe. Nchi haiwezi kutegemea kwamba kila atakayeingia Ikulu atakuwa na hofu ya Mungu ya kiasi kile.

Tuseme na mema, maana ukosoaji usiotaja mema ni masengenyo. Jaji akishateuliwa haondolewi kwa simu. Ibara ya 110A inataka iundwe tume ya majaji kuchunguza kwanza. Ibara ya 107A na 107B, zilizoingizwa mwaka 2000, zinasema wazi kwamba Mahakama ndiyo yenye kauli ya mwisho katika utoaji haki na kwamba itakuwa huru. Na mkoa wetu una ushahidi kwamba ulinzi huo si maneno matupu. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, lakini Serikali ilipewa muda wa miaka mitatu wa kurekebisha sheria zake, kwa hiyo mahakama zilianza kusikiliza mashauri hayo mwezi Machi 1988. Mwaka huohuo mtu mmoja aliyeshikiliwa katika gereza la Musoma alifikisha shauri lake Mahakama Kuu ya Mwanza. Alikuwa ameshikwa chini ya sheria ya kuhamisha watu kwa nguvu, tuliyoirithi kwa wakoloni, ambayo ilimwezesha mkuu wa nchi kumtoa mtu kwao na kumpeleka mkoa wa mbali bila kesi. Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba sheria hiyo inapingana na Katiba. Hakuwa na bunduki wala jimbo la uchaguzi. Alikuwa na Katiba mkononi na kiti ambacho hakuna waziri angeweza kumnyang'anya jioni ile. Barua yenye muhuri ilifika, na ikarudishwa.

Lakini mwananchi wa kawaida wa Nyamwaga au Nata hakutani na Ikulu wala na Mahakama Kuu. Kwake dola ni mkuu wa wilaya. Huyu huteuliwa na Rais, huongoza kamati ya usalama ya wilaya, na kwa Sheria ya Tawala za Mikoa, Na. 19 ya mwaka 1997, anaweza kuamuru mtu awekwe ndani kwa muda usiozidi saa 48. Sheria imeweka masharti: pawepo na hofu ya kweli ya kuvunjika kwa amani au kutendeka kosa, pasiwe na njia nyingine ya kuzuia, na muda ukiisha mtu afikishwe mahakamani au aachiwe. Masharti hayo ni mazuri. Ila nani anayapima wakati amri inatoka? Aliyeitoa mwenyewe. Katika mkutano wa hadhara mwananchi anauliza kwa ukali habari ya fidia ya shamba, au mtendaji wa kijiji anajibu vibaya kuhusu mchango wa darasa, na amri inatoka palepale mbele ya watu. Mara nyingi mtu huyo hafikishwi mahakamani kabisa, kwa sababu hapakuwa na kosa la kumshtaki nalo. Saa zake zinakwisha, anarudi nyumbani, na kijiji kizima kimejifunza kutouliza.

Hapa ndipo washarika wetu, hasa akina mama, hutukatiza. Wanasema: Mchungaji, na mabinti zetu je? Msimu wa Desemba unapoingia, mabinti wanakimbia kukeketwa, wanafika Masanga au nyumba salama ya Mugumu wakiwa na nguo walizovaa tu. Mkuu wa wilaya akipiga simu, polisi wanafika usiku uleule. Mkitaka kila kitu kipite mahakamani, binti atakuwa ameshakatwa. Ndugu zangu, pingamizi hili ni zito kuliko yote tuliyowahi kusikia juu ya mgawanyo wa madaraka, na haliwezi kujibiwa kwa kutaja majina ya wanafalsafa wa Ufaransa.

Tunalijibu hivi. Mkono wa mkuu wa wilaya unapomwokoa binti, hautendi peke yake. Bunge lilitunga mwaka 1998 sheria ya makosa ya kujamiiana, ambayo ndiyo iliyofanya kumkeketa aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai. Polisi wanakamata kwa sheria hiyo. Ngariba anapelekwa kwa hakimu na anaruhusiwa kujitetea. Simu ya usiku ni hatua ya kwanza katika njia ambayo hatua zake nyingine ziko mikononi mwa watu wengine. Hatuikatai simu ya namna hiyo. Tunaikataa simu ambayo baada yake hakuna hatua nyingine.

Tena tuendelee kidogo. Huyo binti anamkimbia nani? Kwa Wakurya kuna inchama, baraza la wazee wa mila la kila koo, ambalo vikao vyake ni vya siri. Lenyewe ndilo linalosema msimu umefunguliwa au haujafunguliwa. Likishasema, baba wa binti, hata kama ni mzee wa kanisa, anakosa pa kukata rufaa. Atafanya kama alivyoandikiwa. Maana yake binti anakimbia mamlaka isiyogawanywa: mamlaka inayotunga, inayoamuru na inayoadhibu katika kikao kimoja kilichofungwa. Mtu hawezi kuyalaani hayo kwa inchama kisha akayatamani kwa ofisi ya Serikali.

Wala tusiwaonee wazee. Wakurya hawakuwa na inchama peke yake. Walikuwa na iritongo pia, mkutano wa wazi wa jamii, ambako mambo yalizungumzwa kwenye jua, kila mtu akisikia. Tunadhani wahenga wetu walijua kwamba baraza la siri haliwezi kuachwa bila mkutano wa wazi. Kilichotuumiza zaidi katika miaka ya karibu ni sungusungu. Walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, sheria ikawatambua mwaka 1989, na huku kwetu walipokelewa kwa sababu wizi wa ng'ombe ulikuwa umetuchosha. Waliurudisha usingizi, hilo tukiri. Lakini aliyekamata ndiye aliyehukumu, na aliyehukumu ndiye aliyegawana faini. Kila faini ya ng'ombe ilikuwa sababu ya kumpata mkosaji mwingine.

Wengi watatukumbusha Warumi 13. Tunaikumbuka. Paulo anamwita mwenye mamlaka mtumishi wa Mungu, na mtumishi ni mtu anayetoa hesabu. Martin Luther aliliandikia jambo hili kitabu kizima mwaka 1523, juu ya mamlaka ya kidunia na mipaka ya kuitii, wakati mtawala mmoja wa Saksonia alipokuwa ameipiga marufuku tafsiri yake ya Agano Jipya. Alisema mamlaka ya dunia yanafika kwenye mwili na mali, hayafiki kwenye roho. Sisi Walutheri tunajivunia fundisho hilo la tawala mbili. Pamoja na heshima yote tuliyo nayo kwa Baba Luther, tunaona pengo: alieleza vizuri mahali mtawala asipofika, lakini hakueleza vya kutosha nani amzuie pale anapofika. Alitegemea mtawala Mkristo mwenye dhamiri. Biblia yenyewe haikutegemea hivyo. Katika 2 Mambo ya Nyakati 26 mfalme Uzia, aliyefanikiwa katika vita na katika kilimo, aliingia hekaluni kufukiza uvumba. Kuhani Azaria alimfuata pamoja na makuhani themanini, wakamwambia kazi hiyo si yake. Mmoja asingetosha. Walikwenda themanini, tena walikuwa makuhani kwa kuzaliwa, si kwa uteuzi wa Uzia.

Yupo mchungaji wa nchi hii aliyejaribu kuwa Azaria, hata kama si wote tuliopenda namna yake ya kusema. Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda Mahakama Kuu kudai raia aruhusiwe kugombea uongozi bila kudhaminiwa na chama. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira akampa haki hiyo. Bunge likabadili Katiba mwaka huohuo na kuuziba mlango. Akarudi, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema tena kwamba haki ni yake. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la Bunge kuamua. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, pale Arusha, ikaamua kwamba haki zake zimevunjwa. Tunaisoma kesi hiyo kama kipimo. Mahakama ilithubutu kusema hapana, ndiyo. Ila Bunge ambalo Serikali inakaa ndani yake lilikuwa na kalamu ya kuyafuta maneno ambayo jaji aliyasimamia.

Karibu na nyumbani zaidi ni kesi ya Bob Chacha Wangwe, mtoto wa marehemu Chacha Wangwe aliyekuwa mbunge wetu wa Tarime. Alihoji wakurugenzi wa halmashauri, walioteuliwa na Rais, kusimamia uchaguzi ambao Rais huyohuyo anaweza kuwa mgombea. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikubaliana naye. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Wanasheria watabishana nani alisoma vizuri. Sisi tunaona tu kwamba swali lake ni lile la Yezreeli: anayepokea barua anakula kwa mkono wa nani?

Na mashamba je, maana Nabothi aliuawa kwa ajili ya shamba? Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 iliunda Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya, na ikampa Waziri wa Ardhi kazi ya kuteua wenyeviti wake kwa vipindi vya miaka mitatu. Wapo wenyeviti waadilifu sana. Lakini katika wilaya ambazo ardhi inagombewa kati ya kijiji na mgodi, kati ya kijiji na hifadhi, ukoo na ukoo, mwamuzi ambaye kipindi chake kinahuishwa na waziri amebebeshwa mzigo ambao wazee wa Yezreeli waliushindwa.

Turudi kwenye ule mfungo wa Yezebeli, maana unatuhusu sisi wa kanisani kuliko wengine. Tunaalikwa kuombea mikutano ya Serikali, na ni vema tuende. Lakini Machi 2018 maaskofu wa KKKT walipotoa ujumbe wa Pasaka, Taifa Letu Amani Yetu, uliogusa pamoja na mengine suala la Katiba mpya, baadaye ilitoka barua ya ofisi ya umma ikitaka ujumbe huo ufutwe. Kelele zikawa nyingi, na waziri mwenye dhamana akaikana barua hiyo. Sala zetu hazikuwahi kuombwa zifutwe. Ulioombwa kufutwa ni ule ujumbe.

Mwana mwingine wa Mara, Jaji Joseph Warioba, aliongoza Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyokusanya maoni ya wananchi na kukabidhi rasimu ya pili mwishoni mwa mwaka 2013. Rasimu hiyo ilipendekeza, pamoja na mengine, mawaziri wasiwe wabunge, na matokeo ya uchaguzi wa Rais yaweze kuhojiwa mahakamani, jambo ambalo Ibara ya 41 ya Katiba ya sasa inalikataza. Watu wengi waliikumbuka kwa ubishi wa serikali tatu, wakazisahau sura zake za madaraka, ambazo kwa maoni yetu ndizo zilizokuwa bora. Bunge Maalumu lilipitisha andiko lake Oktoba 2014, na kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 iliahirishwa.

Maandiko yote hayo yanapatikana kwa Kiswahili. Katika vikundi vya Biblia vya Kwaresima tunapendekeza jioni tatu: ya kwanza 1 Wafalme 21 peke yake, ya pili Ibara za 4, 36, 37, 62 na 107B, ya tatu rasimu ya Warioba penye sura za Rais na Bunge. Wazee wanaosikia Kikurya kuliko Kiswahili wakae karibu na vijana wa kidato, na kikao kifanyike nje, chini ya mti, apitaye njiani naye aweze kusikia.